Betri Iliyonifunza Kusoma

Wahenga walisema kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii nilikuwa nikiwafundisha wengine kabla ya kuielewa mimi mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilinunua kipakatalishi kikuukuu, nikakitia mfumo wa Linux, ambao msingi wake ulianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Ufini. Niliupenda kwa kuwa haulipiwi, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma na kuurekebisha. Lakini mimi sikusoma kitu, nilitumia tu.

Jioni moja, mwishoni mwa muhula, nilikuwa nikiingiza alama za mtihani. Umeme ukakatika. Sikushtuka, kwa maana betri ilionyesha asilimia 38. Punde si punde kioo kikawa giza, na kazi ya saa mbili, ambayo sikuihifadhi, ikapotea. Karatasi nilikwisha warudishia wanafunzi. Nilipoziomba tena, watatu walikuwa wamezipoteza. Nao wakarudia mtihani kwa kosa langu. Niliona haya kuwatazama.

Nilipoilaumu Linux, mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Je, Mwalimu, umeiuliza betri yenyewe?" Akanionyesha kwamba mfumo ule huweka habari za betri katika mafaili madogo yasomekayo kama barua. Faili moja lilisema kuwa betri iliundwa kubeba wati-saa 50. La pili, kuwa sasa ikijaa kabisa hubeba 19 tu. Habari hizo Linux haizibuni. Huzipokea kutoka kwa famwea, yaani programu ndogo zilizotiwa na kiwanda ndani ya chombo, ambazo husimamia chaji, joto na feni. Famwea ikikisia vibaya, mfumo hurudia kosa lile lile kama kasuku.

Basi nikataka kuweka famwea mpya kwa programu iitwayo fwupd. Ikakataa: chaji haitoshi. Nilikasirika, kisha nikatanabahi. Umeme ukikatika wakati famwea inaandikwa, chombo chaweza kufa kisiwake tena. Nikangoja hadi betri ijae, nikaacha waya umechomekwa, na kazi ikatimia.

Famwea mpya haikuifufua betri iliyokwisha choka. Ilinibidi kununua nyingine. Safari hii niliandika 80 katika faili la kikomo cha chaji, ili betri isijazwe kupita asilimia 80. Si kila kipakatalishi hukubali jambo hilo, ila changu kilikubali. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa pomoni, hasa penye joto.

Enyi wanafunzi, mafaili yale yalikuwamo tangu siku ya kwanza, wala hayakufungwa kwa kufuli. Ruhusa ya kusoma haimfai kitu mtu asiyefungua kitabu.