Muhogo wa Mwisho wa Mvua na Mkate wa Kupalia

Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya majani kupukutika. Mavuno huingia ghalani, na mama wa nyumbani huwasha tanuri akaoka mikate ya maboga na matufaha. Sisi wa Arua na Koboko hatuna majira hayo, lakini tunayo miezi ya Oktoba na Novemba. Mvua tulizozipokea tangu Aprili zinakaribia kukatika. Ufuta, au simsim kama tuuitavyo huku, umefungwa matita na kusimamishwa ukauke. Kumbikumbi huruka jioni wakizifuata taa za kambi. Ni majira ya shibe. Lakini ndiyo pia majira ambayo mke wa askari hupima kwa macho kama chakula kilichomo nyumbani kitafika mwezi Machi, kwa kuwa kuanzia Desemba ardhi yetu hukauka, na shamba halitoi kitu.

Chakula chetu cha kila siku ni enyasa, ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama. Kitoweo chake ni osubi, majani ya kunde yaliyolainishwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa na kuungwa kwa ufuta uliosagwa, au angara, samaki wa Mto Nile, aliyekaushwa. Akina mama wa Kinubi wa mjini Arua nao wana kisra yao, nyembamba kama karatasi, itokanayo na rojo la mtama lililochachuka. Hivyo asiseme mtu kwamba West Nile hatujui kuoka kwa sababu hatuna matanuri. Mkate nitakaoueleza leo, hata hivyo, umetoka mbali.

Mume wangu, ambaye sasa amestaafu kazi ya polisi, aliwahi kutumwa Liberia katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ule ulioanza mwaka 2003 na kufungwa mwaka 2018. Mjini Monrovia alifahamiana na askari wa Ufilipino. Nao walikuwa watu walio mbali na wake zao, na kila walipokumbuka nyumbani waliingia jikoni. Alirudi na vyakula viwili vimeandikwa katika daftari lake. Cha kwanza ni uji mzito wa mchele na kuku, wenye tangawizi nyingi na vitunguu saumu, uitwao arroz caldo, ambao Wafilipino humpa mgonjwa na mtu aliyenyeshewa. Huo aliupika mwenyewe mara mbili, tukausifu, na tangu hapo hakushika tena mwiko. (Akina mama mtanielewa: wanaume wengi ni wapishi hodari wawapo safarini.)

Cha pili ni bibingka ya muhogo. Kwao kuna bibingka ya mchele pia, iuzwayo karibu na makanisa alfajiri katika siku za kuikaribia Krismasi. Ile ya muhogo hutengenezwa hivi: muhogo huparuzwa ukiwa mbichi, ukachanganywa na tui la nazi, sukari na mayai, kisha rojo likaokwa. Na bibingka, kwa desturi yao ya zamani, huwekwa juu ya jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Niliposikia hayo nilicheka, maana watu wa pwani ya Afrika Mashariki huoka mkate wa kumimina kwa namna hiyo hiyo na huita kupalia.

Basi mume wangu alitaka bibingka hiyo kama ilivyoandikwa. Mwezi wa Oktoba binti yetu mdogo akaenda shambani, Koboko, akang'oa muhogo kikapu kizima, akaja nao Arua akiwa na furaha. Nikawaambia wote wawili kwamba muhogo ule hautaparuzwa mbichi katika nyumba yangu.

Si ukaidi wa uzee. Muhogo mwingi wa kwetu ni mchungu, nao una sumu ya sianidi, ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya wadudu na wanyama waharibifu. Wafilipino hutumia muhogo mtamu. Lakini shambani kwetu mbegu zimechanganyika. Ugonjwa wa batobato ulipoangamiza muhogo wa Uganda katika miaka ya 1990, kila mtu alipanda kijiti alichopewa na jirani, nasi tulifanya vivyo hivyo. Hakuna awezaye kuapa kwa kutazama ganda tu.

Nalijua zao hili tangu utotoni. Mapigano yalipotufikia Oktoba 1980, watu wa Arua na Koboko walivuka mipaka kwa maelfu, wakaingia Zaire na Sudan. Ghala huchomwa na mbuzi huchukuliwa, lakini muhogo hukaa ardhini zaidi ya mwaka ukimngoja mwenyewe. Mama yangu alitulisha kwa muhogo ukimbizini. Tulilia njaa mbele yake, na hata hivyo hakuupunguzia hata siku moja kati ya siku zake. Huumenya, akaurundika na kuufunika kwa majani siku tatu au nne hadi uote ukungu na kulainika, akaukwangua, akauvunjavunja, akauanika juani hadi uwe mkavu kabisa. Wengine huuloweka majini siku hizo hizo badala ya kuurundika. Katika kuchachuka huko, na katika kuvunjwavunjwa na kukauka, ndipo sumu inapotoka. Kuukatakata na kuuanika tu hakutoshi.

Septemba 2017, wilayani Kasese, unga wa muhogo uliwadhuru watu 98, na wawili wakafariki. Wagonjwa wa kwanza walikuwa watu waliokula mazishini. Dalili zake ni kutapika, kizunguzungu, kuumwa tumbo na kichwa, nazo huja saa chache tu baada ya kula. Aonaye hayo kwa mtoto asingoje asubuhi. Ampeleke hospitali, na achukue unga uliosalia ukapimwe.

Hatari huwa kubwa Oktoba kwa sababu jua ni haba na unga wa zamani umekwisha. Mwaka huo mvua ilinyesha alasiri baada ya alasiri. Muhogo wa binti yangu uliingizwa na kutolewa nje siku kumi na moja, nasi tukanunua unga wa mahindi wakati muhogo wetu wenyewe umejaa uani. Mume wangu alihesabu fedha ile kwa sauti. Nilimwacha ahesabu.

Jua lilipotulia tukasaga, na hapo nikaoka mkate. Nilichukua vikombe viwili vya unga huo wa muhogo na kimoja cha ngano, kwa kuwa muhogo peke yake haunatani kama ngano na mkate hupasuka. Nazi hatuna, nilikaanga nusu kikombe cha ufuta kidogo tu, kabla haujawa mweusi, nikausaga hadi ukatoa mafuta, nikauzimua kwa maji ya vuguvugu kama tui. Nikatia mayai mawili, nusu kikombe cha sukari, ndizi mbivu mbili zilizopondwa na kijiko kidogo cha hamira, nikaongeza maji hadi rojo likawa zito kama uji wa mtoto. Niliacha liumuke saa moja.

Sufuria iwe nzito. Tandika jani la mgomba lililopitishwa motoni, lipake mafuta, mimina rojo lisizidi nusu ya sufuria, funika kwa mfuniko wa bati. Makaa chini yawe machache sana, na juu ya mfuniko yawe mengi. Wengi huharibu hapo, wakaweka moto mkubwa chini, nao mkate ukaungua kitako huku tumbo likiwa bichi. Baada ya dakika 40 hivi choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, epua, na usiukate mpaka upoe, la sivyo utanata kisuni.

Mume wangu alikula, akasema rafiki zake wa Monrovia wangeuliza nazi iko wapi. Kisha akaomba kipande kingine. Mkate huo hukaa siku tatu bila kuharibika ukifungwa kitambaani, nao haumeguki njiani kama keki, hivyo nusu yake ilisafiri kwa basi kwenda kambini kwa kijana wetu mkubwa. Ufuta uliobaki niliufungia chunguni: sehemu moja ya mbegu, na sehemu moja ya osubi hadi mvua za Aprili.