Tuscaloosa: Mji Uliomlilia Kocha

Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Lakini jioni ya Jumatano, Januari 10, 2024, wakazi wa mji mmoja wa kusini mwa Marekani walikuwa kama watu ambao hawajawahi kuisikia methali hiyo. Kocha wao alikuwa ametangaza kustaafu. Habari zilipoenea, mashabiki walianza kufika penye sanamu yake, mkononi wakiwa na maua na biskuti laini zenye krimu katikati, zile ambazo kila mtu mjini alijua kwamba ndizo kiamsha-kinywa chake.

Mgeni asiyejua mambo angedhani kuna matanga. Kumbe hakuna aliyefariki. Nick Saban, mwenye umri wa miaka 72 wakati huo, alikuwa mzima wa afya. Alikuwa amechoka tu, kama achokavyo mtu yeyote aliyefanya kazi moja kwa miaka mingi. Kwa nini basi mji mzima ulihuzunika kiasi kile? Na alipokuja mwingine, ulimpokeaje? Ili tupate jibu, msomaji, twende tukautembelee mji wenyewe.

Unaitwa Tuscaloosa, katika jimbo la Alabama. Ukishuka kwa ndege mjini Birmingham, unashika barabara kuu kuelekea kusini-magharibi, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Jina lake ni la chifu mmoja wa wenyeji asilia wa nchi ile, aliyekutana na Wahispania mwaka 1540, na maana yake ni Shujaa Mweusi. Mto unaopita kando ya mji nao una jina hilohilo, ila kwa Kiingereza: Black Warrior.

Chuo Kikuu cha Alabama kilifungua milango yake hapa mwaka 1831, na mpaka leo ni vigumu kujua chuo kinaishia wapi na mji unaanzia wapi. Katikati umekaa uwanja uitwao Bryant-Denny. Mji una wakazi wapatao 100,000 hivi, na uwanja huo una viti zaidi ya 100,000. Hebu fikiria: karibu mji mzima, kuanzia babu hadi mtoto wa kubebwa, ungeweza kuketi humo kwa pamoja.

Kandanda inayochezwa humo si hii yetu ya Gor na Ingwe. Mpira wake una umbo la yai, hushikwa mikononi, na mchezo unakaribiana zaidi na raga, ingawa wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga-mabega. Wachezaji ni wanafunzi wa chuo. Timu inaitwa Crimson Tide, yaani wimbi jekundu, na nembo yake ni ndovu. Ndiyo, ndovu, mnyama wetu wa Amboseli na Tsavo! Chanzo chake ni mwandishi mmoja wa magazeti aliyewafananisha wachezaji wakubwa wa Alabama na ndovu mwaka 1930. Na watu wakikutana barabarani hapa, badala ya kuulizana hali, wengi huambiana "Roll Tide".

Upande wa kaskazini wa uwanja ndipo zilipo sanamu tano za shaba. Ni za makocha waliouletea mji ubingwa wa taifa: Wallace Wade, Frank Thomas, Bear Bryant, Gene Stallings na Nick Saban. Ukitaka kuuelewa moyo wa Tuscaloosa, simama hapo kwanza, kisha uulize habari za Bryant.

Bryant aliiongoza timu kuanzia mwaka 1958 hadi 1982 na kutwaa ubingwa mara 6. Alivaa kofia ya mirabamiraba ambayo mpaka sasa utaiona kwenye maduka ya mji. Aliaga dunia Januari 26, 1983, siku 28 tu baada ya mechi yake ya mwisho. Jeneza lake lilipopelekwa Birmingham kuzikwa, maelfu kwa maelfu ya watu walisimama kando ya barabara kuu, ileile iliyokuleta wewe mgeni, wakimwaga kwa kimya.

Ole wake aliyerithi kiti kile! Wa kwanza, Ray Perkins, aliuondoa mnara ambao Bryant alikuwa akiupanda kutazama mazoezi, na jambo hilo liliwaudhi wengi. Aliyemfuata, Bill Curry, aliyaona makubwa zaidi. Mwaka 1988, baada ya timu kushindwa nyumbani, mtu alivurumisha tofali likavunja dirisha la ofisi yake. Mwaka uliofuata Curry alishinda mechi zake 10 za kwanza, lakini kwa kuwa hakuwahi kuwafunga mahasimu wao wa Auburn katika miaka yake mitatu, lawama hazikwisha. Alifunga virago akaenda Kentucky.

Stallings aliwatuliza kidogo kwa ubingwa wa 1992. Baada yake makocha waliingia na kutoka kama abiria wa matatu. Mmoja aliajiriwa Desemba 2002 akafukuzwa kabla hajaongoza mechi hata moja.

Saban alipotua Januari 2007, mashabiki walimsubiri uwanja wa ndege kana kwamba ni mkombozi. Miezi michache baadaye, watu zaidi ya 92,000 walijaa uwanjani kutazama mazoezi. Narudia, msomaji: mazoezi, wala si mechi.

Huyu ni mtu aliyelelewa West Virginia, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe, ambako baba yake alikuwa na kituo cha petroli. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akiosha magari ya wateja, na baba yake akiona doa moja tu, alimwamuru aanze upya gari zima. Malezi hayo aliyahamishia uwanjani. Aliwafundisha vijana wasitazame ubao wa matokeo, bali waifanye vizuri kazi iliyo mbele yao kwa sekunde zile chache, kisha waendee nyingine. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anaweza kuchota hekima hapo.

Matunda yalikuwa ubingwa wa 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Lakini asifuye mvua imemnyea, na mji haumsifu Saban kwa vikombe pekee. Aprili 27, 2011, kimbunga kikali kilipita katikati ya Tuscaloosa, kikaua makumi ya watu na kufagia mitaa mizima. Saban na mkewe, Terry, walishiriki katika kuwajengea upya nyumba waathiriwa. Kuna familia zinazolala leo chini ya mapaa hayo. Ndipo utakapoelewa zile biskuti penye sanamu.

Kulikuwa na hesabu za mfukoni pia. Kocha huyo alilipwa zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka, kwa sababu kandanda ndiyo ng'ombe wa maziwa wa michezo ya chuo kile, na maziwa hayo yamefika hata kwetu. Vijana wa Kenya wamesoma Alabama kwa ufadhili wa riadha. Mercy Chelangat alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2021, naye Doris Lemngole akatwaa ule wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024. Kwa hiyo kocha wa kandanda akiondoka Tuscaloosa, jambo hilo si la mashabiki peke yao.

Siku mbili tu baada ya tangazo lile, chuo kilimwajiri Kalen DeBoer, mtu wa South Dakota aliyekuwa ameifikisha timu ya Washington fainali mwezi huohuo. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 8 na dola milioni 87. Mashabiki walikwenda tena uwanja wa ndege, wakampigia kelele za shangwe. Lakini wachezaji nao walipewa siku 30 za kuamua kama wabaki au wahame, kama kanuni za wakati huo zilivyoruhusu kocha akiondoka. Caleb Downs alikwenda Ohio State, Isaiah Bond akaenda Texas. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda.

Septemba 28, 2024, kidonda kilionekana kupona. Alabama iliifunga Georgia 41-34, na shujaa wa siku hiyo alikuwa kijana wa miaka 17, Ryan Williams. Mji ulikesha ukiimba. Wiki moja baadaye ikafungwa 40-35 na Vanderbilt, timu ambayo haikuwa imeishinda Alabama tangu 1984. Nyimbo zikageuka manung'uniko. "Saban asingeshindwa na hawa," ndiyo yaliyokuwa maneno ya wengi. Msimu uliisha kwa ushindi wa mechi 9 na kushindwa 4. Na mwaka 2025, timu ilipoanza kwa kufungwa 31-17 na Florida State, wapo waliotaka DeBoer aondoke siku hiyohiyo. Mwezi haukupita, akaifunga Georgia tena, 24-21, kwenye uwanja wa Georgia wenyewe. Manung'uniko yakageuka nyimbo.

Hapa ndipo ninapowaomba mashabiki wale wafungue vitabu vyao vya kumbukumbu. Bryant, katika mwaka wake wa kwanza wa 1958, alishinda mechi 5 tu, akashindwa 4 na kutoka sare 1. Naye Saban? Novemba 17, 2007, mbele ya watu wake mwenyewe, alifungwa 21-14 na Louisiana-Monroe, timu ndogo ambayo wengi hawakuwa wakiihesabu. Msimu huo alishinda mechi 7 na kushindwa 6, rekodi mbaya kuliko ile ya mwaka wa kwanza wa DeBoer. Lau angefukuzwa siku ile, leo pasingekuwa na sanamu ya kuwekewa biskuti.

Mji huu si mgeni wa mabadiliko magumu. Kutoka uwanjani, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi jengo la Foster, ambako Juni 11, 1963, Gavana George Wallace alisimama mlangoni kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasijiandikishe. Wakati huo timu ya Bryant ilikuwa ya wazungu watupu. Wilbur Jackson, mchezaji wa kwanza mweusi kupewa ufadhili wa kandanda hapo, alisajiliwa mwaka 1970. Leo ukitazama uwanjani unawaona vijana weusi wengi, na mashabiki wa kila rangi wakiwashangilia. Yale ambayo baba waliyaogopa, wana wao wanayalipia tikiti.

Sote tumewahi kuwa mashabiki wa Tuscaloosa kwa namna fulani. Mwalimu mkuu mpendwa huhamishwa, na yule anayekuja hupimwa siku ya kwanza kwa mizani ya yule aliyekaa miaka ishirini. Tunasahau kwamba hata aliyeondoka alikuja akiwa mgeni, akakosea, akavumiliwa.

Ukifika Tuscaloosa, basi, usiache kupita penye zile sanamu tano. Ziangalie vizuri. Kila mmoja kati ya wale alikuwa na mwaka wake wa kwanza, na kuna watu waliomvumilia.