Ukuta Hauhami

Mteja wa sinki huanzia juu. Anatazama kaunta mpya, bakuli jeupe na koki inayong'aa, akiridhika analipa. Mimi naanzia chini: napiga goti, nafungua kabati na kutafuta mahali bomba la maji machafu linapotokea ukutani. Nimefanya kazi ya bomba Dar es Salaam tangu nilipomaliza mafunzo Chang'ombe mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sehemu kubwa ya riziki yangu imetoka kwenye sentimita chache zilizopo kati ya tundu la sinki na tundu la ukutani.

Sikuanzia kwenye masinki. Miaka ya kwanza nilishika jembe, nikichimba mitaro ya kuelekea kwenye chemba chini ya mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa na maneno machache na macho makali. Alinikabidhi pima maji kabla hajaniruhusu kugusa spana. Kila bomba la maji machafu nililolaza alilipima upya, akitaka lishuke sentimita mbili kwa kila mita. Nikimwambia, "Mzee, linashuka, naliona," hunijibu, "Wewe unaliona, maji yataliona?" Kisha anaondoa kokoto nilizoweka chini ya bomba na kuniambia nianze tena.

Siku hizo sinki la kunawia lilitundikwa ukutani au lilisimama juu ya nguzo yake. Kila kitu kilikuwa wazi, na fundi aliyekosea alionekana. Baadaye yakaja makabati ya bafuni, mengi yakitoka China na kuuzwa Kariakoo, na yakaja mawe ya granaiti. Watu wakaanza kubadilisha kaunta peke yake na kuliacha kabati la zamani, kwa sababu kabati bado ni zima na jiwe ndilo linaloonekana na wageni. Hapo ndipo simu zangu zilipoongezeka. Fundi granaiti anapima kabati, anakata tundu la sinki katikati ya jiwe kwa jinsi jicho lake linavyopenda, anabandika kwa silikoni, anachukua chake na kuondoka. Sinki la zamani lilikuwa limekaa kushoto kidogo. Jipya lina kina zaidi. Bomba la ukutani liko palepale lilipozikwa siku nyumba ilipopigwa plasta.

Kazi ninayowasimulia vijana wangu ni ya nyumba moja Mikocheni. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshamleta fundi mwingine, naye alikuwa ameunga sinki jipya kwa bomba la plastiki lenye mikunjo, lile linalovutika na kupinda kila upande. Lilishuka, likapanda tena, ndipo likaingia ukutani. Maji yalikuwa yanakwenda, lakini polepole, na kabati lilinuka.

"Si yanapita, fundi?" aliniuliza.

"Yanapita, mama. Hayaishi."

Nilimwonyesha. Sinki likijaa, uzito wa maji yaliyo juu unayasukuma yapande ule mlima. Bakuli likishakuwa tupu hakuna tena wa kusukuma, kwa hiyo yaliyobaki bondeni yanalala humo. Povu, nywele na dawa ya meno vinanasa kwenye mikunjo, na mikunjo haisafishiki. Mama akashika kichwa. Alidhani nitamwambia abomoe ukuta, na marumaru zake zilikuwa za toleo ambalo halipatikani tena dukani.

Nikachukua vipimo. Tundu la ukutani lilikuwa karibu sentimita 50 kutoka sakafuni, kaunta ilikuwa 85, na chini ya sinki westi, kile kiungo cha tundu la sinki, ilikuwa na mkia mrefu wa shaba ulioteremka hadi chini kabisa ya tundu lile. Kina cha sinki kilikuwa kimekula nafasi, na mkia ukamalizia iliyobaki. Ila sinki halikuwa na haja ya mkia wote huo. Kiwandani huutengeneza mrefu ili kila fundi akate kadiri ya mahali pake. Nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikalainisha ukingo kwa tupa na kuacha kipande kifupi tu. Nikafunga trapu ya chupa, kifaa kinachobakiza maji ili kuzuia harufu, ambayo tundu lake la kutokea liko ubavuni juu, nalo likakaa juu kidogo ya tundu la ukutani. Maji yakapata mteremko wake.

Ikabaki shida ya upande, maana sinki lilikuwa limehama karibu upana wa kiganja. Nikageuza trapu kidogo na kuweka pinde mbili za nyuzi 45. Trapu ya P ingekuwa rahisi zaidi, kama kabati lingekuwa na nafasi: ile nusu duara ya chini huzunguka kwenye nati yake kama mlango kwenye bawaba, na mkono unaoingia ukutani huzunguka kwenye nati nyingine. Ukivigeuza vyote viwili unaziba pengo la kushoto, kulia, mbele au nyuma bila kununua kitu. Mafundi wengi hufunga trapu ikiwa imenyooka kama ilivyotoka kwenye mfuko, wakiona haifiki wanakimbilia bomba la mikunjo.

Mama alipoona nimemaliza mapema, akauliza, "Ndiyo hiyo tu?" Akataka nimpunguzie. Niliikataa hoja yake kwa heshima, na bado naikataa. Angelipa kwa furaha kama ningekesha nikibomoa marumaru zake. Kazi yenyewe ilikuwa ni kule kupima.

Si kila ukuta una huruma hivyo. Katika majengo ya zamani ya Upanga nimekuta mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kutoka ndani, ukiyagusa yanabaki mkononi. Huko hakuna ujanja: unachonga, unatoa chuma, unaweka PVC, na ukishafungua ukuta unashusha tundu mahali unapotaka. Kwa namna fulani kazi hiyo ni nyepesi kichwani, nzito mabegani.

Ninachogombana nacho zaidi ni bomba linaloshuka kutoka kwenye trapu na kuingia moja kwa moja sakafuni. Umbo lake ni la herufi S, na nyumba nyingi za kwetu hazina bomba la kupumulia. Maji yakishuka kwa kasi yanajaza bomba na kuvuta nyuma yake hata yale yanayopaswa kubaki ndani ya trapu. Unasikia sauti ya koo linalomeza. Baada ya hapo trapu iko tupu na harufu ya shimo inapanda bafuni, mwenye nyumba ananunua dawa ya kunukia kila wiki. Maji hayo yanayobaki, kina cha sentimita 5 hadi 7 na nusu, ndiyo kizuizi pekee kati ya mswaki wako na chemba. Mwalimu wetu alitueleza kwamba wazo la kuzuia harufu ya choo kwa maji yaliyobaki kwenye bomba lililopinda lilipewa hataza Uingereza mwaka 1775, na aliyelipata, Alexander Cumming, alikuwa mtengeneza saa. Darasa zima lilicheka. Mimi nilivutiwa, na nilielewa zaidi nilipokuja kumwona mzee wa Tanga akipima.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa wana haraka, na simlaumu mtu kwa haraka wakati nauli imepanda. Lakini kuna mambo matatu siyaachi yapite. Washa yenye mteremko iangalie kwenye kiungo, upande bapa uelekee kwenye nati. Ikigeuzwa itavuja hata ukaze mpaka jasho likutoke. Nati ya plastiki inakazwa kwa mkono na kuongezwa robo mzunguko, basi. Spana ya bomba huipasua, na ufa wake hujitokeza wiki ya pili fundi akiwa Kibaha. Na sinki lenye tundu la kupunguzia maji karibu na ukingo linataka westi yenye matundu ubavuni, la sivyo maji yanayoingia kule juu yanakosa njia.

Kisha tunajaza sinki hadi kwenye tundu hilo na kuyaachia maji yote kwa mara moja. Maji membamba ya koki hayaonyeshi kitu. Ni ule mzigo mzima ukishuka pamoja ndio unaotafuta udhaifu. Tunazungusha karatasi ya chooni kwenye kila nati, na doa moja tu likionekana tunafungua upya.

Siku hizi wateja hunitumia picha za kaunta dukani, nami huwajibu kwa kuomba picha ya ndani ya kabati. Wengine hukasirika kidogo. Fundi granaiti mmoja wa Mwenge amenielewa kuliko wote: hunipigia simu kabla hajawasha mashine, nikamtajia tundu la ukutani liko wapi, akasogeza mchoro wake. Nimeshindwa naye kwenye silikoni tu. Bado anaimwaga kwa wingi, na mimi ndiye ninayeikwangua kwenye nyuzi za westi kila tukikutana kazini.