Bando Kasusa

Jumamosi, 7 Desemba 2024, Morogoro

Sungura kafika. Shemeji kamshusha kutoka Nyandira na gari la asubuhi, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Jike, miezi miwili na ushei, kijivu, sikio moja lina kovu. Neema amemwita Bando. Shemeji anasema jina lina mkosi, bando huisha kabla ya wiki.

Tumemweka barazani kwenye banda la wavu lililokuwa la kuku. Kanusa pumba, kala tembele kidogo, kajibanza pembeni. Mbwa wa jirani kabweka hadi usiku.

Jumapili, 8 Desemba

Gololi za kinyesi za asubuhi ni chache, kavu, ndogo kuliko za jana. Vidonge vya chakula vya dukani havijaguswa.

Mchana joto lilizidi. Kalala ubavu, masikio wazi, pua inakwenda mbio. Kule milimani Desemba sweta bado ina kazi; huku chini mgeni wetu ana manyoya asiyoweza kuyavua, na jasho hana la maana, joto hulitolea masikioni. Nimemhamishia koridoni kwenye saruji tupu, na chupa ya maji ya baridi iliyofungwa kanga ubavuni mwake. Huku na mbwa hamwoni.

Jioni hakula kabisa. Mama Zuhura kapita, kamtazama: "Mwache mwanangu, anawalilia wenzake. Njaa ikimkaba atakula mwenyewe."

Kwa mbuzi ningekubali. Sungura tumbo lake halisubiri. Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa wenye vijidudu vinavyochachusha majani, na kinachousukuma utumbo ni hayo hayo majani magumu yanayoingia mchana na usiku. Yakikatika, utumbo unasimama, gesi inajaa, tumbo linauma, na akiumwa ndiyo anazidi kususa. Kutapika hawezi. Siku nzima bila kula tayari ni hatari.

Jumatatu, 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru

Alfajiri sakafu safi, hata gololi moja. Kajikunja, macho nusu, anasaga meno. Hiyo si raha, ni maumivu.

Sikukuu, simu nyingi hazipokelewi. Saa nne bwana mifugo mmoja akaja na bodaboda. Akaanza na meno: ya mbele yamekutana sawasawa, ya nyuma akayamulika kwa tochi. Meno ya sungura hayaachi kuota, ya mbele huongezeka milimita 2 na zaidi kwa wiki, na ya nyuma yakienda upande humchoma ulimi mpaka akaacha kutafuna. Kwa Bando siyo. Kuhara hakuna. Akaweka kipimo cha kusikilizia tumboni, kushoto, kulia, kisha akanivalisha mimi. Kimya. Baada ya muda mrefu, mguno mmoja mdogo.

Akalibonyeza tumbo taratibu: laini kama unga wa chapati. Lingekuwa gumu na limevimba, alisema, asingeruhusu kumlisha kwa nguvu, maana huenda njia imeziba. Akampiga sindano ya maumivu, akaingiza maji ya uvuguvugu chini ya ngozi ya mgongo. Kinundu kikabaki pale, kikashuka polepole kuelekea begani.

Mama Zuhura akaja na amoksi zilizobaki za mjukuu wake. Bwana mifugo akazipokea kwa heshima, akazitia mfukoni mwake. "Mama, hizi ndizo zingemmaliza." Antibaiotiki za jamii hiyo zikipita mdomoni huua vijidudu vyema vya mfuko ule, vibaya vikatawala.

Tunamlisha vidonge vilivyolowekwa vikawa uji, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kupitia pengo la shavuni nyuma ya meno ya mbele. Kidogo, asubiriwe ameze, kidogo tena. Kidevu chote uji.

Nimempigia mfugaji aliyekuwa naye kule Nyandira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kafa?"

"Hajafa. Kwako alikuwa anakula nini?"

"Nyasi za kwenye matuta, majani ya karoti, mchunga. Na alilala na dada yake. Hivyo vidonge ndiyo nini?"

Basi. Gari, joto, mbwa, chakula kigeni, upweke, vyote kwa mkupuo. Mama Zuhura naye alikuwa na sehemu yake ya kweli.

Jumanne, 10 Desemba

Gololi! Ndogo, zimeungana kwa manyoya, lakini gololi. Nimemwamsha Neema aje aone kinyesi. Hajafurahi kama mimi.

Nimechuma mchunga nyuma ya nyumba. Kanusa, kageuka, karudi. Jani likaingia kwa ncha, taya zikienda upande upande, likazama lote mpaka kikonyo. Jioni kainamisha kichwa chini ya tumbo, akachukua gololi laini zinazong'aa na kuzila. Neema akapiga kelele. Nimemweleza ni chakula kinachopita mara ya pili, kina vitamini za kule mfukoni. Haamini.

Jumamosi, 14 Desemba

Anakula nyasi usiku kucha, tunamsikia. Vidonge naongeza punje chache tu kila siku juu ya majani aliyoyazoea. Hadi vikubalike itapita wiki na zaidi.

Shemeji anapanda Nyandira kesho, ataleta gunia la nyasi kavu na yule dada. Mzee anaapa ni jike. Bwana mifugo atamwangalia kwanza kabla hajaingia bandani, maana umri huu wauzaji wengi hukisia, na mimba ya sungura ni mwezi mmoja tu.