Kodi Tatu na ya Nyumba

Nilipoanza kutunga nyimbo nilikuwa na kodi nne. Tatu zilikuwa za kinanda: C, F na G. Ya nne ilikuwa ya chumba, kule Mishomoroni, Mombasa, na hiyo ndiyo iliyonishinda kuishika. Wapiga vinanda wa huku huita kodi zile sauti tatu au nne zinazobonyezwa kwa pamoja, na kila mmoja ana utani wake kuhusu jina hilo. Wangu haukuwa utani mwingi. Kila tarehe tano mwenye nyumba alikuwa akipiga simu, na mimi niko hapo nimeshika G.

Siku hizi vijana wa mtaani huniuliza wanunue kinanda gani ili watunge nyimbo nyumbani. Mimi huanza kwa kuwasimulia vile nilivyopoteza pesa, kwa sababu hakuna mtu aliyenisimulia mimi.

Kinanda changu cha kwanza hakikuwa kinanda. Kilikuwa na vibonye 49, vyeupe na vyeusi, kinameta, na duka moja la mjini liliniuzia kwa shilingi 12,000 ambazo nilikuwa nimezipata kwa miezi miwili ya kuwaandikia watu makala za intaneti. Nikafika nyumbani, nikachomeka waya, taa ikawaka, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Rafiki yangu tuliyekuwa tukiishi naye akainua kichwa kutoka kitandani, akakiangalia, akasema, "Buda, umenunua meza."

Kumbe nilikuwa nimenunua kinanda cha midi. Hicho hakina sauti ndani yake. Kazi yake ni kutuma ujumbe kwa kompyuta: kibonye gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachiliwa lini. Sauti yenyewe hutengenezwa na programu. Si kifaa kibaya. Mwenye kompyuta nzuri atakifurahia, na programu kama LMMS inapatikana bure. Lakini laptopu yangu ilikuwa mzee. Nilikuwa nikibonyeza sasa, sauti inakuja baadaye kidogo, kama mtu anayejibu simu kutoka mbali. Programu huchakata sauti kwa mafungu. Fungu likiwa kubwa, sauti inachelewa. Ukilipunguza, laptopu dhaifu inaanza kukwaruza. Nilikaa wiki tatu katikati ya kuchelewa na kukwaruza, na stima ikipotea nilikuwa sina lolote. Nilikiuza kwa 8,000.

Kosa la pili lilinukia. Lilikuwa kinanda cha mtumba kilichotoka Marekani, bei ya kutupa, adapta yake ikiwa ndani ya mfuko. Adapta ilikuwa imeandikwa 120V. Stima ya Kenya ni 240V. Sikusoma. Kililia vizuri sana kwa muda wa wimbo mmoja, kisha harufu. Fundi alikifungua, akakifunga, akaniambia adapta imekufa na imeondoka na mwenzake.

Kwa hivyo kabla ya yote, soma maandishi madogo. Adapta iwe imeandikwa kwamba inapokea hadi 240V. Volti zinazotoka zilingane na zile zilizoandikwa kwenye mwili wa kinanda, na kuna mchoro mdogo wa alama za kujumlisha na kutoa unaoonyesha ni upi uko katikati ya tundu. Michoro miwili isipofanana, usichomeke.

Cha tatu tulinunua wawili, mimi na huyo aliyekiita cha kwanza meza. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na vidole vitatu vinavyojua njia. Shilingi 11,000 yake, 11,000 yangu. Safari hii tulikaa dukani karibu saa nzima, hadi mwuzaji akatuletea maji. Tulibonyeza kila kibonye kimoja kimoja, na vile vyeusi pia, kwa sababu kibonye kilichokufa hujificha mwishoni ambako hakuna anayepiga. Tukabonyeza kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kinanda hicho hakijui tofauti ya kunong'ona na kupiga kelele, na wimbo wa huzuni utautoa puani. Tukajaribu tundu la vipokea sauti vya masikioni, kwa ajili ya amani na majirani. Tukafungua mgongo: betri sita za AA, aina ya tochi. Hilo kwa nyumba zetu si jambo dogo.

Vibonye vilikuwa 61, yaani oktavu tano. Piano kamili ina 88, na vya piano ni vizito kwa sababu kila kimoja huinua nyundo. Anayetaka kupiga Chopin anahitaji uzito huo. Anayetunga nyimbo za kuimba hauhitaji. Mkono wa kushoto unashika besi, wa kulia kodi, na wimbo wenyewe uko kooni mwa mtu. 61 zinatosha na zinabaki. Na usidanganywe na idadi ya sauti zilizomo. Chetu kilikuwa na mamia, zikiwemo za ndege na za helikopta. Tulitumia mbili, piano na ogani.

Basi tukaanza kutunga, na ndipo tukagundua kwamba tulikuwa tumejifunza kununua tu. Mtindo wetu ulikuwa huu: mimi nashika kodi nazungusha, yeye anatafuta maneno ya kuzijaza. Kila wimbo ukatoka na sura ya mwenzake. Mmoja ulikuwa unahusu barabara, maana kila tuliyesoma naye alikuwa ameondoka au anapanga kuondoka. Jumapili moja tukaubeba, pamoja na kinanda, hadi Changamwe kwa mamake. Tukauimba sebuleni kwake. Akasikiliza hadi mwisho huku akichambua mchicha, kisha akauliza, "Mwanangu, mnaimba barabara ipi? Ile ya gari au ile ya sawasawa?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akasema lile neno mara mbili, polepole. Barabara ya gari unaikaza kwenye silabi ya tatu: bara-BA-ra. Barabara ya kusema jambo limefanywa sawasawa unaikaza kwenye ya pili: ba-RA-bara. Sisi tulikuwa tumeimba ya pili kwa sababu mdundo wangu ulikuwa umeangukia hapo. Wimbo wetu wote wa kuondoka ulikuwa unasifu kazi iliyofanywa vizuri.

Hilo ndilo somo kubwa nililopata kuhusu kutunga, na lilitoka kwa mama aliyeshika mchicha. Kiswahili karibu kila mara hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo mzito wa muziki ukiangukia silabi nyingine, neno linageuka la mgeni, na mara chache, kama letu, linageuka neno jingine kabisa. Hakuna kinanda kitakachokuambia hivyo. Kinanda kinakubali kila kitu.

Nenda kwenye mistari yetu yenyewe:

Barabara imekwenda, nyumba yangu imebaki.

Hesabu mizani: nane, kisha nane. Washairi wa pwani wamehesabu hivyo tangu zamani, na waimbaji wa taarabu hupokea mashairi ya namna hiyo, kwa hivyo sikio la mtu wa huku tayari limezoea. Sasa sema mstari bila kuimba. Sauti inakaza BA, halafu KWE. Silabi ya tatu na ya saba. Sisi tulikuwa tukianza silabi moja kabla ya mdundo, mdundo ukaangukia RA. Dawa ilikuwa kuanza silabi mbili kabla: ba-ra, halafu BA juu ya mdundo wa kwanza, na KWE ikajikalia yenyewe juu ya wa tatu. Hatukubadilisha neno hata moja. Hatukuongeza kodi. Tulisogeza mlango wa kuingilia, basi.

Tangu siku hiyo kinanda chetu kilikuwa kinakaa kimezimwa hadi ubeti wa kwanza uwe umetoka mdomoni. Tuliusema, tukaupigia makofi, tukaurekodi kwa simu. Ndipo nikawasha na kumtafuta mwimbaji alipo. Nasema mwimbaji alipo kwa makusudi. Miezi yote ya mwanzo nilimlazimisha aimbe kwenye C kwa sababu mimi nilijua C, na kila tukifika kwenye kiitikio shingo yake ilikuwa inatoka mishipa. Kumbe kuna kitufe cha transpozi: unabonyeza, kinanda kizima kinashuka au kupanda, na vidole vyako vinabaki palepale unapopajua. Wapo wanaokidharau kitufe hicho. Wacha wakidharau. Kuumiza koo la rafiki yako ndiyo aibu.

Kisha yeye naye akaondoka. Alipata kazi ya kulinda mlango Doha. Usiku wa mwisho alikifuta kinanda vumbi kwa shati lake, akasema, "Nusu yangu usiiuze."

Tuliendelea kwa sauti za WhatsApp. Alikuwa akilala chumba kimoja na wanaume wengine, kwa hivyo aliimba kwa kunong'ona, pengine chooni, maana kulikuwa na mwangwi. Sauti yake ilitua katikati ya vibonye viwili, si hapa wala si pale. Nilihangaika siku mbili kabla ya kugundua kwamba vinanda vingi hukuruhusu kushusha au kupandisha sauti yote kidogo sana, chini ya hatua moja ya kibonye. Kiwango cha kawaida ni A kuwa 440. Nilikiteremsha pole pole hadi kikakutana naye. Nilipofika hapo nilihisi kama amerudi chumbani.

Mwezi wa nane mshahara wake ulikuwa umechelewa mara mbili. Akaniandikia: "Buda, uza tu. Nitumie nusu yangu, mama hana kitu."

Ningependa kuandika kwamba niliuza siku hiyo hiyo. Nilimwambia wateja hawajapatikana. Nilisema hivyo wiki tatu, na hakukuwa na mteja kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nauza. Kila jioni nilikaa mbele ya kinanda nikijiambia namalizia wimbo wake, kwa hivyo ni kama namfanyia kazi. Sikuandika hata mstari mmoja katika wiki hizo tatu. Ya nne nikakibeba mjini, wakanipa 15,000. Nikapeleka 7,500 Changamwe kwa mkono wangu. Nusu yangu ilikula kodi ile ya nne.

Halafu nikamtumia ujumbe nikamwambia ukweli kuhusu wiki tatu. Alikaa kimya siku nzima. Kisha likaja jibu: "Nilijua. Wimbo umefika wapi?"

Sasa nina kinanda cha shilingi 3,500 chenye vibonye vidogo vya watoto. Hakijui taratibu wala kwa nguvu. Kina midundo michache iliyokuja nayo kutoka kiwandani, mingi ya kuchekesha. Nikikiona aibu humkumbuka Okuda Hiroko, aliyetengeneza midundo ya Casiotone MT-40, kinanda kidogo cha nyumbani kilichotoka mwaka wa 1981. Mdundo wake mmoja uliitwa tu rock. Mwaka wa 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy waliuchukua kule Jamaika, wakautolea "Under Mi Sleng Teng", na rege haikurudi ilikokuwa. Ulikuwa humo muda wote, kwenye kifaa ambacho wengi wangekiita cha kuchezea.

Mimi sijabadilisha rege. Nilichofanya ni kuumaliza wimbo. Niliweka ile sauti ya kunong'ona mbele, ogani chini yake, kodi tatu, na kwenye ubeti wa mwisho kodi moja tu niliyoishikilia hadi betri zikaanza kuchoka. Nikaenda Changamwe na simu. Mama yule alikuwa ameanika nguo. Akajifuta mikono kwenye leso, akaiweka simu sikioni kana kwamba mtu anampigia, na akasikiliza amesimama, hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie.

Mara ya pili ilipokwisha alinirudishia simu.

"Hiyo," akasema, "sasa ni ya gari."