Uhuru Ndani ya Ua wa Mbwa

Kwenye malango mengi ya Nairobi, salamu ya kwanza anayoipata mgeni si "karibu" bali "Mbwa Kali". Kibao hicho hakijali upatanisho wa kisarufi, wala hakikusudii kumfunza mtu lolote kuhusu mbwa. Kinamwambia mpita njia kwamba nyuma ya lango kuna mali, na kwamba yeye anashukiwa. Mbwa wa mjini kwetu ni mwajiriwa: mchana hufungiwa bandani, usiku huachiliwa ndani ya ukuta ili aogopwe. Mwenzake asiye na mwenyewe huzurura jalalani na kupigwa mawe. Kati ya askari na mzururaji, hatujambakishia mbwa nafasi nyingine.

Nilipokaa muhula mmoja Berkeley, California, mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinialika niandamane naye na mbwa wake hadi Ohlone Dog Park, kipande cha bustani ya jiji kandokando ya barabara ya Hearst. Hapo mtu hupita malango mawili. La kwanza hufungwa kabla la pili halijafunguliwa, na katikati yake ndipo mbwa huvuliwa kamba. Ndani mlikuwa na vumbi, miti, ndoo ya maji na mbwa wapatao kumi na watano wa kila umbo, wakifukuzana. Mimi nililelewa katika mtaa ambako mbwa asiye na kamba ni sababu ya kuokota jiwe. Kwa hiyo nilisimama karibu na lango, mikono kifuani. Mbwa mmoja mkubwa mweusi alinijia mbio, akaninusa viatu, akaenda zake. Hakuwa na mali ya kulinda pale, wala mimi sikuwa mshukiwa.

Hata hivyo, walionishughulisha zaidi ni watu. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti akifukia shimo lililochimbwa na mbwa wake. Kijana mwingine, akiwa ameinamia simu, hakuona kinyesi cha mbwa wake. Mzee aliyeketi mbali akamwita na kumnyooshea mfuko, naye akaupokea, akashukuru, akaokota. Hapakuwa na askari wa jiji. Nilimwuliza mwenyeji wangu nani anayesimamia mahali pale. "Sisi tuliopo," akajibu, kisha akanisimulia jinsi ardhi ile ilivyopatikana.

Mwaka 1966 wakazi wa Berkeley walipiga kura kukubali kodi ya ziada ili reli ya BART ipite chini ya ardhi badala ya kuugawa mji wao vipande kwa daraja la juu. Nyumba za kando ya Hearst zilibomolewa ili handaki lichimbwe, ukabaki ukanda mtupu. Mei 1969 chuo kikuu kilizungushia ua People's Park, bustani ambayo wanafunzi na wakazi walikuwa wameipanda kwenye ardhi ya chuo. Katika ghasia za tarehe 15, maafisa wa usalama waliwafyatulia watu risasi. Kijana James Rector alijeruhiwa, akafa siku nne baadaye. Gavana Ronald Reagan akaleta wanajeshi. Waandamanaji waliofukuzwa kule walihamia kwenye ukanda wa Hearst, wakapanda maua na miti, wakauita tawi la People's Park. Ukanda huo ndio leo Ohlone Park, yenye jina la wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1979 sehemu yake moja ilitengewa mbwa wasiofungwa kamba. Lilianza kama jaribio, likaja kupewa idhini ya kudumu, na hutajwa kuwa bustani rasmi ya kwanza ya aina yake Marekani.

Kuna sharti jingine lisiloonekana kwa macho. Sheria ya California humtaka mwenye mbwa aliyezidi miezi mitatu amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Mimi niliweza kunuswa na mbwa nisiyemjua bila kukimbilia zahanati kwa sababu serikali ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake kabla yetu kufika langoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi mno Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Linashauri pia kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kenya ina mkakati tangu 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huu kufikia 2030. Kwa hiyo mtoto wa mtaani kwetu anayeokota jiwe si katili. Hofu yake ina hoja, na dawa yake ni chanjo, si mahubiri ya kupenda wanyama.

Najua kejeli itakayofuata: wenzetu wamewapa mbwa bustani, ilhali watoto wetu hawana pa kuchezea mpira. Kejeli hiyo ina ukweli, lakini inaishia pale ambapo ingepaswa kuanzia. Berkeley yenyewe ina watu wanaolala nje. Januari 2024 People's Park, bustani mama, ilizungushiwa ukuta wa makontena ili yajengwe makazi ya wanafunzi wapatao 1,100, pamoja na nyumba za watu waliokosa makao. Hoja ya makazi ina uzito. Lakini tazama: watu walipanda miti pande zote mbili, na bustani mama ndiyo iliyomwagiwa damu, na bado ni tawi lililosalia. Tofauti ninayoiona mimi ni ya hati. Tawi lilikuja kuwa bustani ya jiji, chini ya baraza linalochaguliwa na wakazi. Mama alibaki ardhi ya chuo. Mapenzi ya watu kwa mahali hayadumu kama hayakuandikwa.

Sisi tunalijua somo hili kwa gharama. Mwaka 1989 Wangari Maathai na wenzake waliipinga ghorofa iliyotaka kumeza sehemu ya Uhuru Park. Januari 1999 alipigwa hadi kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti Karura. Mwaka 2004 Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wingi wa kutisha. Waliookoa bustani hizo tunawasifu kila mwaka, ilhali uwanja wa mtaani kwetu hatujui umeandikwa kwa jina la nani.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinaikabidhi serikali ya kaunti sehemu ya ardhi ya umma iishikilie kwa niaba ya wakazi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwanafunzi anayetafuta pa kuanzia na aulize nambari ya kiwanja cha uwanja wa mtaani kwao, na jina lililo kwenye hati. Mtumishi wa umma atakayepokea barua hiyo naye ana mtaa, na huenda ana mtoto. Aijibu.