Jiwe Lililorudishwa

Tuliporudi kanisani Jumapili ile, tumeungua jua na nguo zinapwaya, watu wa usharika wetu walituuliza swali moja: "Mlipata nini huko jangwani?" Tulijibu kwa mzaha kwamba tulipata pancha 11. Jibu hilo lilikuwa la kweli ila halikutosha, na tumeombwa tuandike lililobaki.

Sisi ni mume na mke. Tulizaliwa Singida, tukafunga ndoa huko, na kwa miaka 9 sasa tunaishi na kufanya kazi Adelaide, kusini mwa Australia. Wote wawili tulikua na baiskeli. Kwetu baiskeli ilibeba maji, mkaa, mgonjwa na hata bibi harusi. Kwa hiyo tulipoona watu wa Australia wakivuka nchi yao kwa baiskeli kwa kujifurahisha tu, kwanza tulicheka, kisha tukatamani. Tukaweka nia ya kwenda kutoka Darwin, kaskazini kabisa, hadi Alice Springs katikati ya bara, karibu kilometa 1,500 kwa barabara kuu ya Stuart. Tuliomba likizo mwaka mzima kabla. Tukanunua baiskeli, hema, na mikoba ya kufunga pembeni ya magurudumu.

Miezi miwili kabla ya safari, siri ikatoka. Mmoja wetu alikuwa amechukua akiba yetu ya miaka 6, fedha za kujenga nyumba Singida, akampelekea mdogo wake aliyekuwa akidaiwa. Hakuuliza. Alitumaini zitarudi kabla hazijatafutwa. Hazikurudi. Duka la mdogo wake lilifungwa, na kwa miezi 7 mwenzake aliendelea kuchora vyumba vya nyumba isiyo na fedha hata ya msingi. Hatutasema ni nani kati yetu aliyechukua na nani aliyechukuliwa. Tumekubaliana hivyo, kwa sababu tunaandika kama nyumba moja.

Tulitaka kuahirisha safari. Mzee mmoja wa kanisa alitukataza. Alisema, "Nyumbani kila mtu ana chumba cha kukimbilia. Barabarani hamna. Nendeni."

Tukaondoka Darwin mwezi wa sita, wakati wa kiangazi cha kaskazini, mvua zikiwa zimekwisha. Siku za kwanza zilikuwa na miti, mito na vivuli. Kilometa kama 320 baadaye tukafika Katherine, na kutoka hapo nchi ikaanza kupungua: miti ikawa vichaka, vichaka vikawa nyasi kavu, na udongo ukawa mwekundu kama wa kwetu. Vichuguu vilisimama kando ya barabara maelfu kwa maelfu. Wasafiri wenye utani huvivalisha mashati na kofia, hata ukija mbio unadhani ni mtu amesimama anakungoja. Tuliviona tukakumbuka nyumbani, lakini hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tuliongea machache sana. Neno lililosikika mara nyingi lilikuwa "Lori!" Malori ya huko huvuta trela tatu au nne, na mengine urefu wake unapita meta 50. Mwendo unaoruhusiwa sehemu kubwa ya barabara ile ni kilometa 130 kwa saa. Likija kutoka nyuma, unateremka na kusimama kwenye nyasi, maana upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta kuelekea magurudumu. Hata siku tulizokuwa na hasira kali, hakuna aliyewahi kumficha mwenzake lori.

Kulikuwa na upepo mwingine ambao hatukuupangia vizuri. Katika miezi hiyo upepo mkuu hutoka kusini mashariki, nasi tulikuwa tunakwenda kusini. Wenye ujuzi huanzia kusini ili usukume migongo yao. Sisi ulitupiga usoni kutwa nzima. Dawa yake ni moja tu: mmoja hutangulia kuukata upepo, mwingine humfuata karibu na kupumzika, kisha hubadilishana. Tulibadilishana kila kilometa 5, kwa ishara ya mkono, bila neno. Siku ikiisha, kila mmoja alikuwa amemkinga mwenzake nusu ya njia, naye hakuwa tayari kumpa hata usiku mwema.

Yapata kilometa 100 kusini ya Tennant Creek tulifika Karlu Karlu. Ramani nyingi bado zimepaandika kwa jina la Kiingereza lenye kumtaja shetani, lakini wenyeji wana jina lao hilo na wanapaheshimu sana. Ni bonde la mawe makubwa ya mviringo, mengine yamekaa juu ya mengine kama mayai, na jioni hugeuka rangi ya makaa. Mtu wa Mwanza angeyaona akadhani amefika nyumbani. Tulipiga hema mahali pa wageni. Jirani zetu walikuwa mume na mke wazee, walimu wastaafu. Walitukaribisha chai, na walipojua kwamba tu watu wa kanisa na tunaelekea Alice Springs, walitusimulia habari ya jiwe.

Palikuwa na mchungaji wa Kipresbiteri, John Flynn. Aliona jinsi watu wa bara la ndani walivyokufa kwa magonjwa na ajali kwa sababu daktari alikuwa mbali mno. Mwaka 1928 huduma aliyoiota ikaanza: daktari anayefika kwa ndege. Mwaka uliofuata ikapatikana njia ya kumwita. Fundi Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa mtu kukanyaga pedeli, kama za baiskeli, na mtu aliyekuwa peke yake porini akaweza kuomba msaada. Huduma ya madaktari wa ndege inaendelea hadi leo.

Flynn alifariki mwaka 1951, na majivu yake yakazikwa karibu na Alice Springs. Waliompenda walitaka kumheshimu. Wakaja Karlu Karlu, wakachukua jiwe moja kubwa, wakalisafirisha karibu kilometa 400 na kuliweka juu ya kaburi lake. Nia ilikuwa njema. Lakini mawe yale yalikuwa na wenyewe, nao hawakuuliza. Mahali pale ni patakatifu kwa wenyeji, hasa kwa wanawake wao. Wenyeji waliomba jiwe lao kwa miaka mingi. Mwaka 1999 likaondolewa kaburini, likarudishwa Karlu Karlu. Watu wa Arrernte, wenye nchi ya Alice Springs, wakatoa jiwe lingine kutoka kwao, liwekwe kaburini kwa ridhaa yao.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulikuwa ndani ya hema dogo, mabega yakigusana, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Hatimaye aliyechukua akasema, "Nia yangu ilikuwa njema." Aliyechukuliwa akajibu, "Na hao pia." Hakuna lililoongezwa.

Kutoka Wauchope, kituo kilicho jirani na Karlu Karlu, hadi Barrow Creek ni zaidi ya kilometa 100. Tulilala porini katikati. Kila mmoja alibeba maji yake, na mfuko mkubwa wa akiba ulikuwa kwa yule aliyechukuliwa fedha. Asubuhi akaukuta umelala ubavu na umekauka. Jioni hakuwa amekaza kifuniko. Akaukunja, akaufunga kwenye baiskeli, akapanda. Hakusema.

Tukaendesha tangu saa moja. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Kwa saa tulikwenda kilometa 8 au 9. Tulikunywa kama watu wenye maji. Ilipofika saa tano chupa zetu zilikuwa karibu kwisha, tukasimama ili tufungue mfuko. Ndipo ikajulikana. Tulibakiwa na lita moja na nusu kwa watu wawili, na mbele kulikuwa na kilometa zaidi ya 30.

"Umejua saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Kwa nini hukusema? Tungekunywa kidogo kidogo, au tungesimamisha gari mapema."

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha jibu likaja, na tunaliandika kama lilivyosemwa: "Kwa sababu mwenye makosa ni wewe."

Tumelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Aliyedhulumiwa alikuwa amezoea kukaa kitini pa hakimu, akaona afadhali tukaukiwe na maji kuliko ateremke. Hatusemi kwamba lita kadhaa za maji ni sawa na akiba ya miaka 6. Si sawa. Aliyechukua ndiye aliyekataa kabisa tuandike kana kwamba ni sawa. Lakini pale barabarani tulikuwa watu wawili, kila mmoja ameficha, na kiu yetu ilikuwa moja.

Tulikaa kwenye kivuli chembamba cha baiskeli zetu. Mmoja alianza kulia, na mwingine, Mungu amsamehe, akaanza kucheka, kisha tukabadilishana kama tulivyokuwa tukibadilishana upepo. Tukaomba. Ilikuwa mara ya kwanza kuomba pamoja tangu siri itoke. Haikuwa sala nzuri. Tulimwambia Mungu kwamba tumechoka, na kwamba tumeishiwa.

Tukainua chupa tupu kila gari lilipopita. La kwanza halikusimama, wala la pili. La tatu lilikuwa likivuta nyumba ya magurudumu. Akashuka bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, akatujazia chupa zote na ule mfuko, akatupa na machungwa manne. Mumewe alikagua kifuniko cha mfuko, akakikaza kwa mkono wake. Hawakutuuliza imekuwaje tukaishiwa. Tulimkumbuka Hajiri katika kitabu cha Mwanzo, aliyemweka mtoto chini ya kichaka ili asimwone akifa, na Mungu akamfumbua macho akaona kisima.

Kutoka hapo tuliongea. Barrow Creek, Ti Tree, Aileron, siku nne za maneno. Yalikuwa maneno magumu, mengine ya kelele, yakipeperushwa na upepo hata ikabidi yarudiwe. Aliyechukua alieleza kila shilingi. Aliyechukuliwa alieleza ilivyokuwa aibu kuchora vyumba vile. Usiku kulikuwa na baridi kali, na asubuhi tulikuta hema limeganda umande.

Tulifika Alice Springs siku ya 24. Kesho yake, bila mizigo, tuliendesha kilometa 7 hivi magharibi ya mji hadi kaburi la Flynn, chini ya Mlima Gillen. Jiwe tuliloliona ni lile la pili, lililotolewa. Tulilitazama kwa muda mrefu. Yule aliyechukua akavua kofia akasema, "Nilichukua kisichokuwa changu peke yangu. Sikukuuliza. Nikakudanganya miezi 7. Nisamehe." Tulisubiri neno "lakini", kwa sababu tulilizoea. Halikuja.

Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani kwake, hakuishia kusema amejuta. Alitaja hesabu ya kurudisha. Nasi tukakaa pale chini tukapiga hesabu. Aliyechukua atarudisha kila mwezi kutoka mshahara wake hadi itimie, na akaunti itaonekana kwa wote wawili. Hilo lilikuwa jiwe la kwanza kurudi mahali pake.

Jiwe la pili halidaiwi. Watu wa Arrernte hawakulazimishwa na mtu kutoa la kwao. Jioni ile, aliyechukuliwa aliomba simu, akampigia yule mdogo aliyesababisha yote, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu siri itoke. Kwetu ilikuwa jioni, Singida ilikuwa mchana. Alimwuliza habari za watoto. Akamwuliza kama anakula. Upande wa pili tulisikia mtu mzima akilia.

Nyumba ya Singida bado ni kiwanja chenye majani. Deni halijaisha, na zipo siku hasira hurudi, hata kwa sababu ya bili ya umeme. Siku hizo mmoja wetu huuliza, "Kifuniko umekikaza?" na tunajua tunaulizana nini.

Ndugu msomaji, inawezekana nyumbani kwako lipo jiwe la mtu, ulilolichukua kwa nia njema kabisa. Ni zito, na njia ya kulirudisha ni ndefu. Anza nalo. Na kama jiwe ni lako na limechukuliwa, hatuna la kukuamuru, kwa maana zawadi haiamriwi. Tunakuombea tu maji njiani, na mtu wa kukukingia upepo.